Nyama Safi Hutoka Mikononi mwa Mfanyakazi Aliye Salama

SOMO LA AFYA KAZINI
Kwa matawi ya Nakawa, viwandani na mashambani

Ndugu wafanyakazi,

Somo letu safari hii ni juu ya nyama. Huenda mwenzetu wa kiwanda cha nguo au wa shamba la miwa akauliza: nyama inahusu nini chama cha wafanyakazi? Inahusu sana. Kwanza, wenzetu wengi hapa Kampala hupata riziki yao machinjioni, katika magari ya kubeba nyama na katika mabucha. Pili, sisi sote ni walaji. Siku ya mshahara mtu hupitia soko la Nakawa akawanunulia watoto nusu kilo. Kiwandani nako, siku ya nyama husubiriwa na kila aliyechoka na posho na maharagwe. Nyama ikiwa mbaya, anayeugua ni mfanyakazi, na akiugua siku zake za kazi hupotea.

Jambo tunalotaka kila msomaji aondoke nalo ni moja. Nyama safi haiwezi kutoka katika mikono ya mfanyakazi asiyelindwa. Anayedai nyama safi mezani, na anayedai viatu vya mpira na maji ya moto machinjioni, wote wawili wanadai kitu kimoja. Tufuate safari ya nyama hatua kwa hatua, nanyi mtaona.

1. NG'OMBE KABLA YA KUCHINJWA

Ng'ombe wengi wanaochinjwa Kampala hutoka mbali, kama Ankole na Nakasongola. Husafirishwa kwa lori, wamesimama, wamebanana. Sheria inataka mwenye ng'ombe awe na kibali cha daktari wa mifugo wa kule walikotoka, ili ng'ombe wa mahali penye karantini wasiingizwe mjini kwa siri. Kibali hicho ndicho ukaguzi wa kwanza.

Wakifika machinjioni, kwa mfano machinjio ya jiji iliyo kwenye barabara ya Old Port Bell, wanatakiwa wapumzishwe na kunyweshwa maji. Hii si huruma tu. Ng'ombe aliyechoka sana nyama yake huwa nyeusi, hunata, na huoza upesi. Hapo ndipo mkaguzi anapowatazama wakiwa hai: wamesimama na wakitembea. Anachunguza anayechechemea, anayetoa udenda, anayehema kwa shida, na anayetokwa damu puani au nyuma. Mnyama mgonjwa hutengwa. Mnyama aliyekufa mwenyewe, yaani kibudu, hachinjwi wala haingizwi ndani.

Wengine huona ukaguzi huu wa mnyama hai ni kupoteza wakati. Lakini yapo maradhi ambayo lazima yajulikane kabla kisu hakijagusa ngozi, kwa sababu ukishampasua mnyama umekwisha kuyaachilia. Tutaona mfano wa kimeta hapo mbele.

2. MKAGUZI ANATAFUTA NINI NDANI YA NYAMA

Baada ya kuchinja na kuchuna, kichwa na viungo vya ndani hutakiwa vibaki karibu na mwili wa ng'ombe yule yule mpaka mkaguzi amalize. Vikichanganywa na vya ng'ombe wengine, ukaguzi umeharibika. Haya ndiyo anayoyafanya:

(a) Kichwa. Hupasua tezi zilizo chini ya koo, hushika ulimi, na huchana misuli ya mashavu. Katika misuli hiyo hutafuta vifuko vidogo vyenye maji na kitu cheupe ndani. Hao ni watoto wa tegu. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, tegu humkulia tumboni, akarefuka mita kadhaa.

(b) Mapafu. Huyapapasa kwa mikono na kukata tezi zake. Akikuta uvimbe mgumu, wenye kitu kama chokaa au jibini ndani, huenda ni kifua kikuu cha ng'ombe. Hicho humwambukiza hata mtu.

(c) Ini. Hukata mifereji ya nyongo akitafuta minyoo bapa kama jani. Ng'ombe huipata kwenye malisho ya majimaji yenye konokono.

(d) Moyo na figo. Huvitazama na kuvipasua.

(e) Wengu. Wengu uliovimba sana, mweusi, laini kama tope, ni ishara ya hatari kubwa. Hapo kazi yote husimama.

Sasa tazameni jambo la tegu, kwa maana linawagusa ndugu zetu wa mashamba. Tegu huyo ng'ombe anamtoa wapi? Kwa mtu. Mtu mwenye tegu akienda haja majanini, mayai hubaki kwenye nyasi, ng'ombe hula nyasi, na watoto wa tegu hukaa katika nyama yake. Basi kambi ya wafanyakazi isiyo na vyoo inaharibu nyama iliyo mbali nayo. Tegu wa nguruwe ni mbaya zaidi. Mtu akimeza mayai yake kwa maji au mikono michafu, watoto wa tegu huweza kuingia ubongoni na kuleta kifafa. Kwa hiyo mnapodai vyoo mashambani, msikubali kuambiwa kwamba mnadai starehe.

3. MUHURI, NA HASARA NI YA NANI

Nyama iliyopita hupigwa muhuri kwa wino usiodhuru. Muhuri huo ni ahadi kwa mlaji. Lakini ahadi hiyo ina adui zake, nao ni haraka, giza na hasara.

Haraka. Kazi hufanyika usiku ili nyama ifike mabuchani mapema. Mahali ambapo mchinjaji hulipwa kwa kichwa cha ng'ombe wala si kwa siku, kila dakika ya mkaguzi ni pesa inayomtoka. Malipo ya namna hiyo humgeuza mfanyakazi kuwa adui wa ukaguzi bila yeye kutaka.

Giza. Tezi yenye kifua kikuu haionekani kwa taa hafifu. Taa kali ni chombo cha kazi kama kisu kilivyo.

Hasara. Mfanyabiashara ambaye ng'ombe wake ametupwa hupoteza mtaji wake. Hapo ndipo maneno ya pembeni huanza: "Kata hapo utupe, kabla daktari hajafika." Anayeambiwa maneno hayo ni nani? Ni kibarua, asiye na barua ya ajira, ambaye kesho anaweza kuambiwa asirudi. Basi usalama wa mlaji wa Nakawa unasimama juu ya ujasiri wa kijana mmoja asiye na kinga. Kumpa kijana huyo kinga ndiyo kazi ya chama.

4. MARADHI YANAYOMPATA MFANYAKAZI WA NYAMA

Mlaji hukutana na nyama ikiwa sufuriani. Mchinjaji hukutana nayo ikiwa mbichi, na damu yake ya moto, kila siku. Ndiyo maana maradhi mengi humpiga yeye kwanza.

Brusela. Huu ni ugonjwa unaofanya ng'ombe kutupa mimba. Humwingia mtu kupitia mikato ya mikononi, macho, pua na mdomo, hasa anaposhika mfuko wa uzazi, ndama wa tumboni na maji yake. Dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu usiokwisha. Wengi hudhani ni malaria. Mtu hununua vidonge, hapati nafuu, hununua vingine, na miezi inapita. Brusela hutibika, lakini kwa dawa za aina mbili kwa pamoja, kwa muda wa wiki 6. Mfanyakazi wa machinjio mwenye homa isiyokwisha amwambie mganga waziwazi: "Kazi yangu ni kuchinja. Nipime brusela." Maneno hayo machache yanaweza kumwokoa.

Homa ya Bonde la Ufa. Mwezi wa Machi 2016 ugonjwa huu ulithibitishwa Kabale, baada ya miaka 48 bila mlipuko uliothibitishwa Uganda. Mmoja wa wagonjwa wa kwanza alikuwa mchinjaji, na mwingine alikuwa mwanafunzi. Virusi vyake huenezwa na mbu baina ya wanyama, lakini mtu huambukizwa sana kwa kushika damu na viungo vya mnyama mgonjwa.

Kimeta. Mnyama hufa ghafla, na mara nyingi damu nyeusi isiyoganda humtoka puani, mdomoni na nyuma. Mnyama huyo asipasuliwe kamwe. Ukimpasua, mbegu za kimeta hutawanyika na kukaa udongoni miaka mingi. Kuchemsha kwa kawaida hakutoshi kuzimaliza. Mwishoni mwa mwaka 2023, wilayani Kyotera, watu walifariki kwa kimeta, na nyama ya ng'ombe waliokufa ilitajwa miongoni mwa sababu. Hatuwacheki waliokula. Mtu ambaye ng'ombe wake wa pekee amekufa huona uchungu kumzika. Lakini azikwe, kina kirefu, na daktari wa mifugo wa gombolola aitwe. Chanjo ya ng'ombe ipo.

Majeraha na mgongo. Sakafu ya damu na mafuta huteleza, visu ni vikali, na robo ya ng'ombe begani ni mzigo wa kuvunja kiuno. Jeraha la kisu machinjioni si kama jeraha la jikoni. Ni mlango wa maradhi yote tuliyoyataja. Lioshwe mara moja, lifungwe kwa kitu kisichopitisha maji, na liandikwe katika daftari la ajali.

5. USAFI NI VYOMBO, SI MAHUBIRI

Mara nyingi tunasikia kwamba wafanyakazi wa nyama ni wachafu, wafundishwe usafi. Tuulize: wafundishwe kwa vyombo gani?

Mwiko wa machinjio duniani kote ni kwamba kisu hutumbukizwa katika maji ya moto wa nyuzi 82. Mfanyakazi anatakiwa awe na visu viwili: kimoja mkononi, kingine majini, akibadilisha kwa kila ng'ombe. Bila hivyo kisu kilichokata jipu la ng'ombe wa kwanza hulipeleka kwa ng'ombe wa kumi. Sasa kama hakuna birika la maji ya moto, mahubiri yatachemsha maji?

Tufanye hesabu. Katika joto linalowafaa, vijidudu vya aina nyingine hujigawa mara mbili kila dakika 20. Kijidudu 1 kikiachwa juu ya nyama saa 7, huwa zaidi ya milioni 2. Hatuvioni wala havinuki. Ndiyo maana mikono iliyotoka chooni bila sabuni ni hatari kuliko nzi. Lakini choo chenye maji na sabuni hujengwa na mwenye machinjio. Kibarua hawezi kuja nacho mfukoni.

Tusisahau maji machafu. Maji ya upande ule wa mji huingia mfereji wa Nakivubo, na mfereji huo unamwaga katika ghuba ya Murchison ya ziwa letu. Ghuba hiyo hiyo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Kampala, huko Ggaba. Damu na samadi zikimwagwa mferejini bila kusafishwa, gharama ya kusafisha maji hupanda, na familia za mabondeni huishi na uchafu huo mlangoni.

6. TUJIFUNZE KWA WENZETU WA CHICAGO

Miaka zaidi ya 100 iliyopita, mji wa Chicago kule Marekani ulikuwa na machinjio makubwa kuliko karibu yote duniani. Mwaka 1904 wafanyakazi wa nyama waligoma kwa ajili ya mshahara, wakashindwa. Mwaka huo huo mwandishi Upton Sinclair alikwenda kukaa nao wiki 7, akaona mateso yao: sakafu ya damu, baridi, vidole vilivyokatwa, kifua kikuu. Aliandika hadithi iitwayo The Jungle, iliyotoka kama kitabu mwaka 1906. Nchi nzima ilishtuka, na mwezi wa Juni mwaka ule ule sheria ya ukaguzi wa nyama ikapitishwa.

Lakini sheria hiyo ilihusu nyama. Haikuhusu mfanyakazi. Wasomaji walitishika kwa ajili ya matumbo yao, si kwa ajili ya vidole vya wachinjaji. Sinclair mwenyewe alisema baadaye kwamba alilenga moyo wa watu, akawapiga tumboni. Mambo ya mfanyakazi yalisubiri mpaka vyama vilipopata nguvu, miaka mingi baadaye.

Ndugu zangu, hapo pana somo. Wakubwa wakizungumza juu ya nyama safi, sisi tuwepo mezani na tuseme neno la pili. Tusiposema, watahesabu nyama peke yake.

7. BUCHANI: MAMBO YA KUTAZAMA

Nyama nzuri ya machinjioni inaweza kuharibika kati ya machinjio na bucha. Ikibebwa kwenye bodaboda bila kufunikwa, au katika pikapu ambayo vijana wamekalia juu ya nyama, muhuri haufai tena kitu. Gari la nyama linatakiwa liwe na sanduku lililofungwa, linaloosheka, na lisibebe kitu kingine.

Mnunuzi atazame haya:

Kwanza, muhuri. Omba kuuona. Muuzaji mwaminifu hakasiriki.

Pili, gogo la kukatia. Gogo lenye nyufa hunywa damu na kuihifadhi. Meza inayoosheka na msumeno ni bora.

Tatu, mikono. Anayekata nyama asipokee pesa. Noti hupita mikono mingi.

Nne, cheti cha afya cha muuzaji na koti lake.

Tano, nzi. Hapa tuwe na akili. Nzi wengi ni ishara mbaya. Lakini nyama iliyoning'inia wazi mchana kutwa, isiyotua hata nzi mmoja, nayo itie shaka. Mwanzoni mwa mwaka 2018 maofisa wa mamlaka ya jiji la Kampala walifanya msako mabuchani kwa sababu ya wauzaji waliotuhumiwa kupaka nyama dawa ya formalini, ile inayohifadhia maiti. Dawa hiyo hufukuza nzi na kuifanya nyama ionekane ngumu na mpya. Kemikali iliyo ndani yake inajulikana kuleta saratani, na anayeivuta kwanza ni kijana anayeipaka. Mwaka 2019 jijini Nairobi nako kulikuwa na kelele juu ya kemikali nyingine, iliyotiwa katika nyama ya maduka makubwa ili ibaki nyekundu.

Muuzaji hutia dawa kwa sababu nyama haijauzwa na friji hana, au umeme ni ghali. Kwa hiyo tulaani dawa, lakini pia tudai masoko yetu yawe na chumba cha baridi cha pamoja, ambacho wauzaji wadogo watachangia.

Nyumbani, nyama ipikwe mpaka isiwe na wekundu wala damu ndani. Muchomo wa haraka wenye damu ni mzuri kwa macho, lakini tegu anaupenda zaidi. Na kisu cha nyama mbichi kisikate nyanya za kachumbari.

8. SHERIA NA MADAI YETU

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga bila kumtoza. Inampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari iliyo karibu. Inaruhusu wawakilishi na kamati za usalama. Sheria ya Fidia ya mwaka 2000 inahusu ajali na pia maradhi yatokanayo na kazi. Lakini sheria haitembei yenyewe. Mfanyakazi mwenye brusela ambaye hakuandikwa popote kwamba ni mchinjaji atapata taabu kudai hata senti.

Basi matawi yadai haya:

1. Kila mchinjaji, mbebaji na mkataji aandikwe kazini, hata kama ni kibarua.
2. Viatu vya mpira, aproni, glavu na miwani vitolewe bure na vibadilishwe vikichakaa.
3. Maji ya moto, visu viwili kwa mtu, sabuni, vyoo na taa kali.
4. Kipimo cha brusela na kifua kikuu kwa gharama ya mwajiri, na anayekutwa mgonjwa atibiwe badala ya kufukuzwa.
5. Malipo kwa siku, au malipo ambayo hayamwadhibu mfanyakazi kwa kusubiri mkaguzi.
6. Asifukuzwe mtu yeyote kwa kumwonyesha mkaguzi alichokiona.
7. Katika kantini za viwanda na kambi za mashamba, kamati ya wafanyakazi iruhusiwe kuona muhuri na risiti kabla nyama haijapikwa.

Dai la 7 si ndoto. Katika kiwanda kimoja nilichokihudumia, kamati iliweka zamu: kila siku ya nyama mtu mmoja alikwenda jikoni asubuhi kutazama muhuri. Mpishi alinuna wiki ya kwanza. Wiki ya tatu alikuwa akiwaita mwenyewe, kwa maana hakutaka tena kulaumiwa kwa nyama iliyonunuliwa na mwingine.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Nyama ya kantini yetu inanunuliwa wapi, na nani aliwahi kuona muhuri wake?
2. Kwa nini malipo ya kichwa cha ng'ombe yanaharibu ukaguzi?
3. Nani kati yetu ana ndugu wa machinjioni mwenye homa isiyokwisha? Amwambie nini mganga?
4. Kambi yetu ina vyoo vingapi, kwa watu wangapi?
5. Kibarua akikataa kuficha pafu lenye ugonjwa, tawi letu litamfanyia nini siku hiyo hiyo, si mwezi ujao?

Swali la 5 lipewe muda mrefu kuliko mengine. Majibu yaandikwe na katibu wa tawi, yaletwe katika mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.